Zana za elimu ya awali mtandaoni: jinsi ya kuzipata, kuzipima na kuzileta ufukweni mwa ziwa bila kumaliza bando

Kosa linalokula bando la walimu wengi wa awali hufanyika kabla data haijawashwa: kuingia mtandaoni bila kujua unatafuta nini. Unaandika "mafunzo ya chekechea", zinafunguka picha mia, video ya kwanza inavuta ya pili, na baada ya saa nzima huna hata kitu kimoja cha kushika mkononi asubuhi. Mtandaoni zana ni nyingi kupita kiasi. Kazi kubwa ni kuchagua, na baada ya kuchagua, kuipindua zana iliyotengenezwa kwingine hadi imfae mtoto wa Igoma, Kirumba, Sengerema au Nansio, huku kwetu Mwanza kwenye Ziwa Victoria.

Kabla ya kuwasha data

Chukua karatasi na uandike mistari minne: umahiri au shughuli ya wiki ijayo kama ilivyo kwenye azimio lako la kazi, idadi na umri wa watoto, vitu ulivyo navyo tayari, na kile kinachokosekana. Mfano:

Kuhesabu vitu 1 hadi 5. Watoto 62, wengi miaka 5. Nina vizibo, kokoto, manila mbili, simu moja. Ninakosa: hadithi moja fupi yenye vitu vya kuhesabika, wimbo mmoja, na mchezo mmoja wa kucheza kwa vikundi.

Mstari wa nne ndio unaokwenda nao mtandaoni, vitu vitatu na si zaidi. Ukivipata, zima data. Ukikutana na kitu kizuri kisicho kwenye orodha (na utakutana nacho, mtandao umeundwa hivyo), nakili anwani yake kwenye daftari uirudie siku nyingine.

Mstari wa pili wengi huuruka, nao ndio unaokata mambo mengi. Shughuli inayoelezwa kwa darasa la watoto 15 wenye walimu wawili haiwi shughuli ileile kwa watoto 62 na mwalimu mmoja. Usipoandika namba hiyo mapema, utaikumbuka watoto wakiwa wameshasimama mstari wa kusubiri zamu na nusu yao wameanza kupigana.

Anzia kwenye mtaala

Kituo cha kwanza ni Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, kwa anwani ya tie.go.tz. Huko ndiko mitaala inakotoka, na TET ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada na viongozi vya mwalimu. Pakua mtaala wa elimu ya awali mara moja, uhifadhi, usiutafute tena.

Angalia mwaka kwenye jalada. Mtaala uliotumika kwa miaka mingi ulikuwa wa 2016. Ulioboreshwa ni wa 2023, na utekelezaji wake kwa madarasa ya awali ulianza Januari 2024. Blogu nyingi bado zinasambaza ule wa zamani chini ya kichwa cha "mtaala mpya", kwa sababu ulikuwa mpya siku walipouweka. Kisha kuna tovuti zinazoweka vitufe vitatu vikubwa vya kupakua, viwili kati yake vikiwa matangazo. Dalili ya mtego ni rahisi: umeomba PDF, simu inakuuliza kama unataka kusakinisha programu, yaani faili linaloishia na .apk. Funga ukurasa. Waraka wa kusoma hausakinishwi.

Kwa walimu wa vituo vya kulelea watoto mchana, ambao hawafuati mtaala wa darasa la awali moja kwa moja, waraka wa kuutafuta ni Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 na kupangwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Kifupisho chake, PJT-MMMAM, kinaonekana kigumu, lakini kukijua kuna faida: ukiandika MMMAM kwenye Google unapata machapisho ya Kitanzania karibu matupu, maana hakuna nchi nyingine inayotumia herufi hizo.

Maneno ya kutafutia

Hapa ndipo utafutaji wa Kiswahili unapotofautiana na wa Kiingereza. Mitambo ya kutafuta haikimudu Kiswahili kama inavyokimudu Kiingereza, hasa katika umoja na wingi. "Mchezo wa kuhesabu" na "michezo ya kuhesabu" vinaweza kukuletea orodha mbili tofauti. Vivyo hivyo "wimbo" na "nyimbo", "kifaa" na "vifaa". Kabla ya kukata tamaa, jaribu zote mbili.

Tofauti ya pili ni ya mipaka. Tanzania Bara tunasema elimu ya awali au chekechea. Zanzibar ni maandalizi, na shule ni skuli. Ukiandika "skuli ya maandalizi" unafungua mlango ambao neno chekechea haliufungui. Kenya wana PP1 na PP2, na darasa huitwa gredi. Kazi ya Kenya na Zanzibar ni ya Kiswahili vilevile na mara nyingi ni nzuri, ila soma kwa jicho la kuchuja: ngazi zao, umri na baadhi ya istilahi havifanani na vya mtaala wetu.

Jifunze alama tatu tu. Alama za kunukuu hushikilia maneno pamoja: "kona za ujifunzaji" italeta kurasa zenye maneno hayo kwa mpangilio huo. Maneno filetype:pdf hukuletea nyaraka badala ya kurasa za matangazo. Na site:go.tz hubana matokeo kwenye tovuti za serikali. Zikiunganishwa: "elimu ya awali" zana site:go.tz filetype:pdf. Usiache nafasi baada ya nukta pacha, vinginevyo agizo halifanyi kazi, na simu nyingi hupachika nafasi hiyo zenyewe bila kukuuliza.

Ukiamua kutafuta kwa Kiingereza, jua unachoitisha. Kindergarten ya Marekani ni ya watoto wa miaka 5 hadi 6, inakaribiana na darasa letu la awali. Kindergarten ya Ujerumani huchukua watoto wa kuanzia miaka 3. Reception ya Uingereza ni miaka 4 hadi 5. Mwalimu asiyejua hili huchukua karatasi ya mtoto wa miaka 3 akaona watoto wake wana akili mno, au ya miaka 6 akaona wana matatizo. Ukipitisha ukurasa kwenye mtambo wa kutafsiri, usishangae watoto wa nursery wakigeuka watoto wa kitalu, kama miche ya michungwa. Soma tafsiri ili upate wazo, kisha liandike upya kwa maneno yako. Tafsiri ya mashine usiibandike ukutani.

Hadithi

Kama una muda wa kujifunza tovuti moja tu mwaka huu, iwe African Storybook, africanstorybook.org. Ni mradi ulioanzia Afrika Kusini, wenye hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwa miongoni mwa zenye hadithi nyingi. Unachagua lugha, kisha kiwango. Kwa darasa la awali chukua kiwango cha kwanza, chenye neno au sentensi fupi kila ukurasa, kwa ajili ya watoto kuangalia na kusoma pamoja nawe. Na cha pili kwa wale wanaokimbia. Hadithi ndefu zaidi unaweza kuzisoma wewe kwa sauti, wakasikiliza.

Faida yake kubwa haipo kwenye kusoma. Leseni ya hadithi hizo, ile ya Creative Commons, inaruhusu kunakili, kuchapa, kutafsiri na kubadili, ilimradi utaje mwandishi na mchoraji na usome masharti yaliyoandikwa kwenye kitabu chenyewe. Ukijiandikisha bure, tovuti inakupa nafasi ya kutafsiri hadithi kwenda lugha nyingine au kuirekebisha. Yaani hadithi ya kuhesabu ndizi inaweza kuwa ya kuhesabu sato, kihalali.

Ya pili ni StoryWeaver, storyweaver.org.in, ya shirika la Pratham Books la India. Ina Kiswahili pia. Kupakua kunadai akaunti ya bure. Vitabu vyake vina michoro ya kuvutia, lakini vingi vimetoka India, na picha zinaonyesha: nguo, vyakula, magari ya matairi matatu (hayo angalau watoto wa Mwanza wanayajua vizuri). Ya tatu ni Literacy Cloud ya Room to Read, shirika ambalo limechapisha vitabu vya watoto vya Kiswahili hapahapa Tanzania, kwa hiyo lugha yake haikwaruzi sikio.

Sasa turudi kwenye mfano wetu. Umepata hadithi ya kiwango cha kwanza yenye kuhesabu wanyama. Kabla ya kuipakua, ifungue na usome kwa sauti, kwa kasi ya darasani, ukihesabu dakika. Hadithi ya kuhesabu kwa miaka 5 isizidi dakika 4 au 5. Baada ya hapo mikono inaanza kutafuta kazi. Angalia kila picha: je, vitu vinavyotakiwa kuhesabiwa vimejitenga? Hili ndilo kosa la kawaida kabisa. Mchoraji amechora mbuzi 5, lakini wa nne amejificha nusu nyuma ya mti kwa ajili ya uzuri wa picha. Wewe unaona 5. Watoto 30 wanaona 4 na kichwa. Utatumia robo saa kubishana juu ya mbuzi mmoja. Ama uiruke picha hiyo, ama uichore upya.

Angalia pia maneno. Hadithi iliyotafsiriwa na mtu wa kujitolea inaweza kuwa na Kiswahili cha kubahatisha: upatanisho umevunjika, "mbuzi kubwa" badala ya "mbuzi mkubwa". Rekebisha kwa kalamu kwenye nakala iliyochapwa kabla ya kusoma, usitegemee kurekebisha kwa mdomo. Mtoto anayeanza kuunganisha herufi na sauti akikuona unasoma kisichoandikwa, atakuuliza, na swali lake litakuwa la haki.

Video na nyimbo

Kwa umri wa miaka 3 hadi 6, Akili and Me ya Ubongo, shirika la Kitanzania, ndiyo mahali pa kuanzia. Imetengenezwa kwa Kiswahili, Akili mwenyewe anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na nyimbo za namba, herufi na hisia zipo YouTube bure. Ubongo Kids ya watengenezaji haohao inawafaa watoto wakubwa zaidi. Walimu huzichanganya, kisha wakalalamika kwamba hisabati yake ni ngumu.

Simu moja mbele ya watoto 62 haionyeshi kitu. Safu ya kwanza inaona, ya pili inasukuma, ya tatu inalia. Njia inayofanya kazi ni hii: video iangalie wewe usiku, ujifunze wimbo na ishara za mikono, asubuhi uimbe bila simu. Kama una spika ndogo, cheza sauti peke yake. Na kwa watoto wadogo wa vituoni, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema chini ya miaka 2 wasikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni heri.

Punguza ubora kabla ya kubonyeza. Kwa makadirio, video ya 144p hula MB 1 hadi 2 kwa dakika, 360p MB 4 hadi 6, na 720p hupita MB 10. Wimbo wa dakika 3 ukiurudia mara nne kwa 720p umemaliza zaidi ya MB 120, na ulikuwa unautaka mdundo tu. YouTube ikiruhusu kupakua ndani ya programu yenyewe, pakua mara moja, rudia bure.

Nyimbo za alfabeti za Kiingereza ziache kabisa wakati unapofundisha sauti za Kiswahili. Sababu ni irabu. Kiingereza huita A "ei", E "ii", I "ai". Mtoto aliyejifunza wimbo huo kwa furaha atasoma "mama" kwa kigugumizi, na akiona E atasema I. Karatasi za "A ni apple" zina shida hiyohiyo, pamoja na Q na X ambazo Kiswahili hakizitumii, na C ambayo kwetu haitembei bila H. Mtandao umejaa karatasi hizi kwa sababu ni rahisi kuzitengeneza. Kupatikana kwake kwa wingi kusikudanganye.

Ujuzi wako mwenyewe

TESSA, tessafrica.net, ni mradi wa elimu ya ualimu Afrika uliosimamiwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, na una moduli za Kiswahili. Zimelenga shule ya msingi, ila sehemu za kupanga vikundi vikubwa na kutumia mazingira kama zana zinamfaa mwalimu wa awali moja kwa moja. OpenLearn ya chuo hichohicho ina kozi za bure za Kiingereza na hutoa hati ya ushiriki bure. Hati hiyo ni ya kujiendeleza tu. Haichukui nafasi ya cheti cha ualimu wala haitoshelezi kusajili kituo. Kwa namna ubongo wa mtoto unavyokua, kituo cha Chuo Kikuu cha Harvard, developingchild.harvard.edu, kina video fupi ambazo wazazi wanaweza kuzielewa hata ukizisimulia tu.

Ndani ya nchi, mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yana mfumo wa kujifunzia mtandaoni wa TET. Uliza mwalimu mkuu au afisa elimu kata namna ya kuingia. Kikao cha jumuiya ya ujifunzaji shuleni kikitumika kushirikishana faili tatu zilizojaribiwa, kina faida kuliko kusubiri semina.

Dakika tano za kupima

Kila zana ipite kwenye maswali manne: nani ameitengeneza na lini, ni ya umri gani, inahitaji nini ambacho sina, na nini kinaweza kumdhuru mtoto. Matatu ya kwanza yanajibika kwa kuangalia. La nne linahitaji kufikiri, maana ukurasa wenyewe mara nyingi hausemi.

Chukua vizibo. Kila orodha ya zana za bei nafuu inavitaja, na kwa kuhesabu ni vizuri kweli. Lakini kizibo cha soda kina upana wa takriban sentimita 3. Kipimo cha haraka ni bomba la boksi lililo katikati ya rolo la karatasi ya chooni: kitu kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3, na kizibo kinapita. Kwa darasa la miaka 5 wakiwa chini ya macho yako, sawa. Kwa kituo chenye watoto wa miaka 2, weka vifuniko vikubwa vya makopo. Kizibo cha chuma kina meno pembeni pia; gonga kwa nyundo hadi meno yalale, kisha pitisha kidole chako mwenyewe kabla ya cha mtoto.

Au chukua unga wa kuumbia, unaopendwa sana kwenye kurasa za Kiingereza: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vya mafuta, na maji karibu kikombe 1 ukiyaongeza kidogokidogo. Unafanya kazi. Ukinata, maji yamezidi, ongeza unga. Ukipasuka, ongeza mafuta. Lakini kwa watoto 62 utahitaji kilo kadhaa za unga, na mzazi aliyelala akihesabu hela ya ugali hatafurahi kusikia ngano imekandwa ikatupwa. Chumvi nyingi kiasi hicho si ya kumezwa pia, na mtoto wa miaka 3 humeza. Udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu, ukichekechwa mawe na kukandwa na maji safi hadi ulainike, unafanya kazi hiyohiyo kwa vidole. Unaufunika kwa gunia lenye unyevu, unatumika wiki nzima.

Kuileta ziwani

Zana nyingi za Kiswahili zimechorwa na watu wa pwani au wa mlimani. Bahari, minazi, theluji juu ya kilele. Mtoto wa Mwanza ana ziwa, mawe makubwa yaliyobebana, mitumbwi, dagaa waliotandazwa juani. Unapobadili hadithi, badili nomino kwanza: samaki awe sato, sangara au furu, mashua iwe mtumbwi, soko liwe mwalo wa samaki. Usibadili kila kitu. Mtoto ana haki ya kukutana na twiga na treni pia.

Angalia hadithi za maji kwa makini zaidi. Vitabu vizuri vina watoto wanaooga mtoni kwa furaha, na kwingine hiyo ni picha tu. Kwetu, maji ya kina kifupi yenye majani ndiko waliko konokono wa kichocho. Usikitupe kitabu. Simama kwenye ukurasa huo, uliza watoto wanaoga wapi, wanachota maji wapi, na nani huwa anawaangalia. Hapo umepata mazungumzo ya afya na ya usalama wa kuzama ambayo hakuna tovuti iliyokuandalia.

Kisha lugha ya nyumbani. Mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani anaweza kuchanganya R na L. Kadi za picha za mtandaoni hazikulijua hilo, na huweka "kula" karibu na "kura", au "mahali" na "mahari". Kwa miezi ya mwanzo chagua maneno yasiyogeuka maana kwa sauti hiyo moja: mama, tembo, maji, paka, moto. Neno la Kikerewe au la Kisukuma la kitu kilekile likitajwa kwanza kwa mdomo, la Kiswahili linakaa upesi.

Kupakua, kuchapa, kutunza

Pakua ukiwa na mtandao imara. Anayevuka kwenda Nansio au Ukara amalize kazi hiyo mjini. Faili lililokatika nusu safarini mara nyingi huanza upya na kula bando mara mbili. Likishapakuliwa, zima data na ulifungue. Likikataa kufunguka bila mtandao, ulihifadhi kiungo tu.

Kitabu cha kurasa 12 kikichapwa kwa mtindo wa kijitabu kinachukua karatasi 3 za A4 pande mbili. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, la sivyo utapata kurasa tupu. Mwambie mtu wa steshenari achape ukurasa mmoja kwanza, wenye picha nyeusi kuliko zote. Picha za rangi nzito zikichapwa nyeusi na nyeupe hugeuka madoa, na mbuzi 5 wanakuwa wingu moja. Kama ulituma faili kwa kufungua WhatsApp yako kwenye kompyuta yao, usitoke bila kuingia kwenye vifaa vilivyounganishwa na kuiondoa. Wengi husahau, na mazungumzo ya wazazi hubaki wazi kwa mteja anayefuata.

Kijitabu cha A5 kinatosha kikundi cha watoto 5 au 6. Kwa darasa zima nakili sentensi kwenye manila kwa markapeni. Herufi ya urefu wa sentimita 2.5 inasomeka kama mita 3. Kama mtoto wa nyuma yuko mita 6, nenda sentimita 5.

Kwenye grupu la WhatsApp tuma PDF kama hati. Picha za kurasa zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa na maandishi hufifia. Wenzako wakiwa karibu, tuma kwa Quick Share au Bluetooth. Hakuna bando linaloguswa. Weka nakala mbili, moja kwenye memori kadi na moja kwenye Google Drive, ambayo hutoa GB 15 bure. Kadi za bei chee zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa hupokea mafaili kwa heshima, kisha hayafunguki. Jaza kadi mpya na ujaribu mafaili ya mwisho kabla ya kuiamini.

Unachopeleka mtandaoni kina masharti kuliko unachokitoa. Picha ya mtoto darasani ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Ukitaka kuonyesha wenzako kona ya hisabati, piga picha kona yenyewe, watoto wakiwa nje. Inaonekana vizuri zaidi pia.

Jina la faili libebe kazi yake: kuhesabu_1-5_hadithi_sato. Faili linaloitwa "download(14)" halipatikani tena. Na Ijumaa, watoto wakishaondoka, fungua daftari uandike mistari miwili chini ya jina hilo. Kwa mfano wetu ingeweza kusomeka: "Dakika 4. Ukurasa wa 7 uruke, sato wamebanana. Kikundi cha vizibo kiwe cha watoto 6, kikiwa 10 wanagombana."